Barabara ya Kaskazini: Kutoka Isiolo hadi Ziwa Turkana

Kwa muda mrefu, mkazi wa kaskazini mwa Kenya aliyefunga safari ya kwenda Nairobi aliwaaga jamaa zake kwa kuwaambia kwamba anakwenda Kenya. Hakuwa akitania. Ukitaka kuelewa kauli hiyo, mwanafunzi mpendwa, ifuate barabara inayotoka Isiolo kuelekea jangwani, kwa maana historia ya nchi hiyo jirani imeandikwa kandokando yake.

Isiolo ulikuwa mlango. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1902 iliyoipa uwezo wa kuyafunga maeneo ya pembezoni, na sheria ya 1934 ikawaongezea watawala mamlaka juu ya wakazi wake. Eneo zima likaitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mtu asiye na kibali hakuruhusiwa kuingia wala kutoka. Hata jina lenyewe lafaa kutafakariwa: wenyeji waliitwa watu wa mpaka ilhali wao walijiona wapo nyumbani.

Ukivuka mto Ewaso Ng'iro penye mji mdogo wa Archers Post, nyika hufunguka, na milima ya mawe husimama peke yake kama iliyosahauliwa na wajenzi. Leo gari hupita kwa utulivu juu ya lami. Lami hiyo ilikamilika hadi Moyale, kwenye mpaka wa Ethiopia, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Kabla ya hapo malori yalihangaika katika vumbi na mawe, abiria wakiketi juu ya shehena.

Kisha, katikati ya ukame, unauona mlima Marsabit ukiwa na msitu na ukungu. Hapa aliishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ajabu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na sanamu yake ipo katika makumbusho ya taifa jijini Nairobi. Ni nadra mnyama kupata hadhi hiyo. Lakini Marsabit ilimpokea pia mgeni asiyetaka kuja: Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka 1922 kwa kupinga kipande na kodi, akapelekwa uhamishoni Kismayu na baadaye akaletwa hapa. Mkoloni aliliona jangwa kama gereza lisilohitaji kuta.

Kutoka Marsabit, njia ya Maikona huiacha lami na kupita katika mawe meusi ya volkano, joto likipanda kadiri mlima unavyobaki nyuma. Maikona haina jengo la kumvutia mpiga picha. Mimi ningeshuka hapa kabla ya mahali pengine popote. Baada ya miaka ya mauaji na wizi wa mifugo, Wagabra na Waborana walikutana mwaka 2009 na kufikia mapatano yanayobeba majina ya Maikona na Walda, wakakubaliana faini za kulipwa na anayeua, anayejeruhi na anayeiba. Katika nchi ambako askari wako mbali, wazee walikaa wakatunga kanuni ambazo jamii zote mbili zingeweza kuzitii.

Mbele ya Maikona kuna Chalbi, jangwa lililokuwa ziwa zamani za kale. Ardhi ni tambarare, nyeupe kwa chumvi, na mangati humdanganya msafiri kwamba maji yamerudi. Mvua ikinyesha, maji hurudi kweli, na gari hunasa katika tope. Huko Kalacha chemchemi hutoka chini ya mikoma, na ngamia wa Wagabra hupanga foleni wakisubiri zamu yao. Ukipita North Horr na vilima vyake vya mchanga, utafika Loiyangalani, na hapo ndipo Ziwa Turkana litakapokutokea ghafla chini ya mawe, rangi yake ikiwa ya kijani.

Teleki na von Höhnel walipolifikia mwaka 1888 walilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana lilitangazwa mwaka 1975. Upande wa kaskazini, Koobi Fora, Bernard Ngeneo aliokota mwaka 1972 vipande vya fuvu la zamadamu vilivyowashughulisha wataalamu wa dunia. Ng'ambo ya ziwa kuna Lokitaung, ambako Kenyatta na wenzake walifungwa katika miaka ya 1950. Mfungwa huyo alipopata madaraka, serikali yake ilitangaza hali ya hatari kaskazini mwaka huohuo wa uhuru, 1963, kwa sababu Wasomali wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia. Vita hivyo viliitwa vya shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya jambazi. Mapatano yalifikiwa Arusha, kwetu, mwaka 1967, chini ya usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia. Katikati ya vita hivyo, waraka wa serikali wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa haraka zaidi. Jangwa halikuwa kule.

Kusini mwa Loiyangalani, leo, mitambo 365 ya upepo huzungusha mapanga yake, na umeme wake husafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Wakazi wa Marsabit walikwenda mahakamani kuhusu ardhi iliyosimamishwa mitambo hiyo. Mwaka 2021, mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria.