Wajitolea Waliozitambua Nuru Ziendazo Angani

Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik 1 tarehe 4 Oktoba 1957, watu wa nchi nyingi walitoka nje jioni na alfajiri kuitazama setilaiti hiyo ya kwanza, yaani chombo kilichoundwa na binadamu ili kiizunguke dunia, na wengi waliodai kuiona hawakuiona. Tufe lile lenye kipenyo cha sentimita 58 lilikuwa dogo mno kuonekana kwa urahisi bila darubini. Nuru waliyoifuata kwa macho ilitoka kwenye mwili wa roketi iliyolirusha, ambao nao uliingia katika mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, na kwa ukubwa wake ukaakisi zaidi mwanga wa jua.

Kazi ya kuitambua nuru ya namna hiyo ilikuwa imeandaliwa tangu 1956 na Fred Whipple, mkuu wa kituo cha falaki cha Smithsonian huko Cambridge, Massachusetts, kupitia mpango ulioitwa Moonwatch. Wajitolea wake, wengi wao wakiwa si wanafalaki wa kazi, walipanga darubini ndogo kwa safu ili kila moja ilinde kipande chake cha meridiani, mstari wa kufikirika utokao kaskazini hadi kusini kupitia utosini, na nuru ilipoukata mstari huo waliandika wakati na mahali pake, na kutokana na kumbukumbu hizo wakokotozi walipata mzingo. Kwa hiyo kilichotambulisha chombo kilikuwa saa na njia yake, wala si mng'ao, unaoweza kumhadaa hata mzoefu.

Saa ina uzito kwa sababu setilaiti haina taa ya kuonekana kutoka ardhini: huonekana jua likiwa limekwisha kuchwa kwa mtazamaji lakini bado linaiangaza huko juu, na ikiingia katika kivuli cha dunia huzimika katikati ya anga tupu. Ndege humwekamweka, kimondo hupita kwa sekunde chache, na sayari ya Zuhura, inayodhaniwa mara nyingi kuwa chombo, haikimbii.

Moonwatch ilifungwa mwaka 1975. Hata hivyo, watu hawakuacha kuzikosea nuru za angani: mwezi Mei 2019, setilaiti 60 za mtandao wa intaneti wa Starlink zilizorushwa pamoja zilipita zikifuatana kwa mstari mmoja, na taarifa za vyombo vya ajabu zikamiminika, ingawa baada ya wiki chache nyingi kati ya setilaiti hizo zilikuwa zimepanda na kutawanyika, kila moja ikipita peke yake.