Gita la Bosco lililovuma ugenini

Desemba 2021 UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Kinshasa na Brazzaville zilisherehekea. Nasi wa Lubumbashi tulipiga makofi. Lakini muulize mwanafunzi wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu, mwenye gita mkononi ni nani aliyelifikisha gita la Katanga mbele ya dunia; huenda akakutajia Franco. Franco, mpiga rumba wa Kinshasa!

Jibu ni Mwenda wa Bayeke, yaani Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akarekodi "Masanga". Santuri zikafika Nairobi. Huko binamu yake, Edouard Masengo, alikuwa akiitangaza Coca-Cola. Bosco alipokwenda akapewa kazi ya kuitangaza Aspro. Watoto wa ukoo mmoja, huyu anawauzia watu soda, yule dawa ya kichwa! Vijana wa Kenya, hasa wa magharibi, wakachukua kwao mtindo wa kudonoa nyuzi.

Ila onyesho ambalo sisi mashabiki hatuchoki kulitaja ni la Newport, Marekani, mwaka 1969. Julai ile Newport ilikuwa imetoka kuwapokea Led Zeppelin katika tamasha la jazi, vipaza sauti vikinguruma. Kwenye tamasha la muziki wa asili la mji huohuo, miaka minne nyuma, Bob Dylan alipanda jukwaani na gita la umeme na wapo waliomzomea. Sasa akaja Bosco wa Katanga, anayepiga kwa vidole viwili tu: gumba linashika besi, cha shahada kinasuka wimbo juu yake. Ukifumba macho utaapa wapo wapigaji wawili. Wapenzi wa roki wanaotaka gita lazima lipige kelele, namheshimu kila mmoja wao, lakini waisikilize "Masanga" kwanza ndipo tubishane.

Mwaka 1979 Mwingereza John Low alikuja Lubumbashi kujifunza gita kwa Bosco, Masengo na Losta Abelo, akaandika kitabu, "Shaba Diary". Mgeni alivuka bahari kutafuta kilichokuwa mtaani kwetu, wakati redio zetu zimeshahamia kwa orkestra za Kinshasa. Mwaka 1988 Bosco alipiga Cape Town. Mwaka 1990 ajali ya barabarani nchini Zambia ikamchukua.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki iliyopo Chuo Kikuu cha Rhodes. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kimeshawahi kukusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huu, kiombe nakala zake na kuzipiga hapa Kasapa, hadharani, wangali hai wazee wanaoweza kutuambia nyimbo zile zilikuwa zikimsema nani.