Mechi ya 163: wenye besiboli wamejinyima nini?

Wasomaji wangu wengi ni watu wa kandanda, na najua nikitaja besiboli wapo watakaoguna. Nivumilieni kidogo. Kila ikifika katikati ya Septemba naanza kupokea jumbe za jamaa zetu walioko Marekani. Mmoja anashangilia, mwingine analia, na sisi huku Pwani hatujui kilichowasibu. Basi leo nataka kueleza kinyang'anyiro cha mwisho wa msimu katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, yaani MLB: kinavyokwenda, kinavyohesabiwa, na kwa nini mimi naona wenye ligi waliharibu walipoifuta ile mechi ya 163.

Asiyeujua mchezo na akumbuke raundasi waliyokuwa wakicheza wasichana shule ya msingi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia vituo. Akivimaliza vyote akarudi alipoanzia, timu yake imepata alama. Mpira ukiruka ukuta wa uwanja, mpigaji anazunguka kwa raha zake, hakuna wa kumzuia. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, na zamu huisha wapigaji watatu wakitolewa. Hakuna saa wala filimbi ya mwisho, na hakuna sare. Mkitoshana baada ya zamu tisa mnaendelea mpaka mmoja aanguke, hata ikiwa ni usiku wa manane. (Majirani zetu wa Uganda wametutangulia katika mambo haya. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania, na mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Kiganda.)

Kinachotutatiza sisi ni urefu wa msimu. Ligi ya Uingereza ni mechi 38. Hawa wanacheza 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku, kutoka mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Timu inayoongoza ligi hushindwa mechi sitini hivi na hakuna anayeshtuka. Hakuna timu inayoshushwa daraja, kwa hiyo anayeburura mkia hana cha kuogopa. Presha yote iko juu: nani atafuzu mtoano wa Oktoba, unaoishia katika fainali iitwayo World Series.

Timu ni 30, zimegawanywa katika ligi mbili, American na National, na kila ligi ina makundi matatu: Mashariki, Kati na Magharibi. Anayeongoza kundi anafuzu moja kwa moja. Halafu kuna nafasi za ziada kwa timu zenye rekodi nzuri ambazo hazikuongoza kundi. Nafasi hizo ndizo chanzo cha purukushani. Kuanzia 1995 kila ligi ilikuwa nayo moja tu. Mwaka 2012 wakaongeza ya pili, na mwaka 2022 ya tatu, kwa hiyo sasa timu sita za kila ligi zinaingia Oktoba.

Hesabu yao nayo ina mitindo yake. Jedwali halina pointi. Lina ushindi na kushindwa tu. Timu moja ikiwa 90 kwa 60 na nyingine 87 kwa 63, tofauti ya ushindi ni tatu na tofauti ya kushindwa ni tatu. Jumlisha, gawanya kwa mbili, unapata tatu. Ile ya pili iko mechi tatu nyuma. Ndiyo maana utasikia mtu anasema timu yake iko "mechi mbili na nusu nyuma" ukadhani amechanganyikiwa. Nusu hutokea pale timu moja imecheza mechi nyingi kuliko mwenzake. Kisha kuna nambari ambayo mimi naiita nambari ya mazingaombwe. Chukua 163, toa ushindi wa kiongozi, toa mara alizoshindwa anayemfukuza. Katika mfano wetu ni 163 toa 90 toa 63, yaani 10. Kila kiongozi akishinda, au mfukuzaji akishindwa, nambari inapungua moja. Ikifika sifuri kazi imekwisha. Mashabiki wanaihesabu kama watu wanavyohesabu siku za kungojea mwezi.

Kwetu, kufuatilia kunataka usiku. New York iko nyuma yetu kwa saa saba majira hayo ya mwaka, hivyo mechi ya saa moja jioni kule huku ni saa nane za usiku. Za California zinaanza wakati adhana ya alfajiri inakaribia.

Sasa nije kwenye usiku ambao ukimtajia shabiki yeyote wa besiboli atakusimulia yote: 28 Septemba 2011. Mwanzoni mwa mwezi huo Boston Red Sox walikuwa mechi tisa mbele ya Tampa Bay Rays katika mbio za nafasi ya ziada ya ligi ya American. Upande wa National, Atlanta Braves walikuwa mbele ya St. Louis Cardinals kwa mechi nane na nusu. Kwa hesabu za kawaida habari ilikuwa imekwisha. Lakini Boston walishinda mechi saba tu mwezi mzima na kushindwa 20. Atlanta nao wakaporomoka. Kufika siku ya mwisho, baada ya mechi 161, Boston na Tampa walikuwa sawa kabisa, na Atlanta na St. Louis sawa kabisa.

Cardinals walimaliza mapema, wakawafunga Houston 8-0, wakakaa kungojea. Atlanta walikuwa wakiongoza dhidi ya Philadelphia mpaka zamu ya tisa, wakasawazishiwa, na zamu ya 13 wakapigwa 4-3. Hao wametoka.

Baltimore mvua ilisimamisha mchezo zaidi ya saa nzima. Ulipoendelea, Boston walikuwa mbele 3-2, zamu ya mwisho, wapigaji wawili wa Baltimore wameshatolewa na hakuna aliye kituoni. Amebaki mmoja tu. Mrushaji wao Jonathan Papelbon, aliyelipwa kwa kazi hiyo hiyo ya kufunga mlango, akapigwa mara tatu mfululizo. Pigo la tatu, la Robert Andino, lilianguka mbele ya Carl Crawford, aliyejirusha akashindwa kulidaka. Crawford alikuwa mchezaji wa Tampa mwaka mmoja kabla. Boston walimchukua kwa mkataba wa dola milioni 142. Baltimore 4, Boston 3.

Kule Florida, Tampa walikuwa wamefungwa 7-0 na New York Yankees baada ya zamu saba. Zamu ya nane wakapata sita. Zamu ya tisa, wawili wameshatolewa, akaingizwa Dan Johnson, mtu ambaye wastani wake wa kupiga mwaka ule ulikuwa .108, yaani katika kila majaribio kumi alifanikiwa mara moja hivi. Akabakiwa na nafasi moja ya mwisho, akaupiga mpira nje ya ukuta. Saba kwa saba. Dakika tatu baada ya Boston kuanguka kule Baltimore, Evan Longoria naye akautoa mpira nje katika zamu ya 12, na Tampa wakafuzu. Kwa saa zetu ilikuwa Alhamisi, saa moja na dakika chache asubuhi, watu wanapanda matatu kwenda kazini.

Walioona Agüero akiipa Manchester City ubingwa Mei 2012 wanajua ladha hiyo. Tofauti ni kwamba usiku ule wa 2011 palikuwa na mechi tatu za namna hiyo kwa pamoja. Cardinals, walioponea dirishani, ndio waliochukua World Series mwezi uliofuata.

Lakini angalia jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Laiti kanuni ya 2012, ile ya nafasi mbili za ziada, ingekuwa imeanza mwaka mmoja mapema, Boston wangefuzu na Atlanta wangefuzu. Usiku ule haungekuwa na maana yoyote. Watu wangezima runinga wakalala. Nafasi zikiwa nyingi, anguko la aliyekuwa juu linapungua uzito, na mbio zinahamia chini, kwa timu za wastani zinazogombea mlango wa nyuma.

Silikatai faida yake. Mwaka 2023 Arizona Diamondbacks waliingia kwa nafasi ya mwisho na rekodi ya 84 kwa 78, wakafika fainali. Miji mingi zaidi ina matumaini Septemba, tiketi zinauzwa, na mtoto wa Arizona amepata kisa cha kuwasimulia wajukuu. Hilo naliafiki. Nisilolikubali ni lile lililokuja pamoja nalo.

Zamani timu mbili zikimaliza sawa, zilicheza. Mwaka 1951 New York Giants walikuwa mechi 13 na nusu nyuma ya Brooklyn Dodgers mwezi Agosti, wakawafikia, wakaamuliana kwa mechi tatu, na Bobby Thomson akaimaliza ya tatu kwa pigo lililovuka ukuta. (Miaka 50 baadaye ilifichuliwa kwamba Giants walikuwa wakitumia darubini kuiba ishara za wapinzani. Dhuluma haiozi.) Mwaka 1978 Yankees walitoka mechi 14 nyuma, wakalingana na Boston, wakacheza mechi moja Boston na kushinda 5-4. Mwaka 2007 Colorado walishinda mechi 13 kati ya 14 za mwisho ili tu kuwafikia San Diego, kisha wakawatoa 9-8 katika zamu 13. Hiyo ndiyo mechi ya 163. Zilizofunga ukurasa zilichezwa 1 Oktoba 2018, mbili kwa siku moja.

Mwaka 2022, mtoano ulipopanuliwa, ikafutwa. Sasa waliolingana wanatazamiwa matokeo yao wenyewe kwa wenyewe ndani ya msimu. Sababu iliyopo ni kalenda: timu zimeongezeka, siku za Oktoba hazitoshi, na warushaji wanachoka. Mtu wa kandanda ataniuliza, mbona City walichukua kombe lile la 2012 kwa tofauti ya mabao na dunia haikuanguka? Kweli, lakini katika ligi ya Uingereza kila timu hukutana na kila timu nyumbani na ugenini, ratiba ni moja kwa wote. Besiboli haiko hivyo. Timu za makundi tofauti hukutana mara sita au saba tu kati ya 162, nyingine wakati kikosi ni kingine kabisa, kwa sababu biashara ya wachezaji inaendelea hadi mwisho wa Julai. Na hata mechi za mwisho hazilingani uzito: usiku ule wa 2011 Yankees walikuwa wameshafuzu, hawakuwa na haja ya kuwachosha warushaji wao wakubwa. Tampa walinufaika na Boston hawakuwa na la kufanya.

Mwaka 2025 ulionyesha matunda yake. New York Mets, waliomsajili Juan Soto kwa dola milioni 765, walikuwa na rekodi bora ligi nzima katikati ya Juni, 45 kwa 24. Kuanzia hapo wakateleza siku baada ya siku mpaka siku ya mwisho wakawa wanagombea nafasi ya sita na Cincinnati Reds. Siku hiyo Reds walishindwa na Milwaukee 4-2. Mets walihitaji ushindi mmoja tu mbele ya Miami, wakapigwa 4-0. Wote wawili wakamaliza 83 kwa 79. Katika mechi sita walizokutana Reds walikuwa wameshinda nne, kwa hiyo Reds wakafuzu siku waliyoshindwa, na Mets wakafunga mizigo.

Simwonei huruma mwenye milioni 765 aliyeshindwa kushinda mechi moja. Ila mashabiki wa miji miwili waliokaa miezi sita walistahili siku moja zaidi, Jumatatu jioni, watu tisa kwa tisa. Wiki hiyo hiyo Toronto na Yankees nao walimaliza sawa, 94 kwa 68, na kundi likaamuliwa kwa karatasi vilevile: Toronto kileleni na mapumziko ya raundi ya kwanza, Yankees wakaanzia mlango wa nyuma.

Reds walikwenda Los Angeles wakatolewa na Dodgers kwa mechi mbili. Kocha wao alikuwa Terry Francona. Tarehe waliyofuzu kwa kushindwa ilikuwa 28 Septemba, miaka 14 kamili tangu usiku ule wa Baltimore, ambapo kocha wa Boston alikuwa Francona huyo huyo; siku mbili baada ya anguko lile aliondoka Boston.