Imegoma, au imekwama?

Kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vipuri vya kuchagua, kisha ikatiwa macOS, mfumo wa Apple, ndiyo inayoitwa Hackintosh. Isipowaka hadi mwisho, fundi husema "imegoma". Naona neno hili linampotosha. Kugoma ni kukataa kwa hiari, na anayekataa haulizwi amefika wapi. Kukwama hudai mahali: imekwama wapi? Hilo ndilo swali lenye faida, kwa sababu mashine hii huwaka kwa hatua: programu ya kuwasha, OpenCore, hutangulia, kiini cha mfumo hufuata, kisha viendeshi vya vifaa. Ukiongeza -v katika maagizo ya kuwasha, mistari ya maandishi hujitokeza badala ya nembo ya tufaha. Mstari wa mwisho kabla ya kusimama huonyesha pa kuanzia kutafuta, ingawa si lazima uwe ndio wenye kosa.

Wapo watakaosema hata gari hugoma, na lugha huishi kwa mafumbo. Kweli, na barabarani fumbo hilo halina madhara. Lakini chukua kadi ya picha ya Nvidia GTX 1060: ilifanya kazi katika macOS High Sierra ya 2017 kwa viendeshi vilivyotolewa na Nvidia yenyewe, ila Mojave ya 2018 haikupata viendeshi hivyo. Mashine yenye kadi hiyo ikisumbua katika Mojave, anayesema "imegoma" atabadilisha RAM na pawasaplai bure. Anayesema "imekwama kwenye picha" ataichomoa kadi ile na kutafuta ya AMD ambayo mfumo unaitambua.