Kitabu Hupandaje Mlima? Historia ya Usomaji wa Watoto Same na Upare

1.0 Utangulizi

Kauli kwamba Watanzania hawana utamaduni wa kusoma imezoeleka mno katika mijadala ya elimu, hata haidaiwi tena ushahidi. Makala hii inaihoji kauli hiyo kwa kutumia historia ya Upare, yaani milima na nyanda ambazo leo zimo katika wilaya za Same na Mwanga. Hoja yetu ni kwamba mtoto hawezi kukipenda kitabu ambacho hakijamfikia. Kwa hiyo, historia ya vitabu vipendwavyo na watoto haina budi kuanza na historia ya njia zilizovifikisha.

2.0 Maandishi kabla ya kitabu cha mtoto

Usomaji wa shuleni ulifika Upare pamoja na misheni. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini mwaka 1900, na Waadventista kutoka Ujerumani wakaingia Upare ya Kusini mwaka 1903. Mmoja wao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Agano Jipya katika lugha hiyo likatoka mwaka 1922. Kizazi hicho cha kwanza kilisoma kwa lugha ya nyumbani, lakini kilisomeshwa ili kiongoke, si ili kiburudike.

Chini ya Waingereza, Kiswahili kilishika nafasi ya lugha ya shule za msingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilitoka tafsiri za Frederick Johnson, zikiwamo *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Suleimani*. Kwa mtoto wa Mbaga au Suji, lugha ya vitabu hivyo ilikuwa ya pili, bahari yake ilikuwa ya kusikia, na shujaa wake alikuwa mgeni. Ngano alizosimuliwa na bibi yake jioni kwa Chasu hazikuwa na nafasi kwenye rafu.

Hata hivyo, maandishi yenyewe hayakuwa mageni kwa Wapare. Katika upinzani wa kodi ya mbiru, uliochunguzwa kwa kina na Isaria Kimambo, maelfu ya watu walikusanyika Same mwaka 1945, na madai yao yakawasilishwa pia kwa maandishi. Jamii iliyotambua uzito wa barua mbele ya serikali haiwezi kuitwa jamii isiyojali kusoma.

3.0 Mradi wa Vitabu vya Watoto

Baada ya uhuru, Elimu ya Msingi kwa Wote iliyajaza madarasa katika miaka ya 1970, lakini vitabu havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Uchumi ulipoyumba, kilichopatikana kwa shida kilikuwa kitabu cha kiada. Cha hadithi kilisubiri.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka: mswada ulipofaulu, mchapishaji aliuchapa akijua kwamba mradi ungenunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa shuleni. Hasara ya mchapishaji ikapungua, na mwandishi wa Kitanzania akapata msomaji. Katika mkondo huo mpana wa fasihi ya watoto na vijana tunaikuta *Marimba ya Majaliwa* ya Edwin Semzaba (2008), ambamo mtoto wa Kitanzania ndiye msafiri, na nchi yake ndiyo inayogunduliwa.

Lakini kufika shuleni si kufika mkononi. Yeyote aliyezizoea shule zetu analijua kabati lililofungwa, ambamo vitabu vya hadithi hulindwa visipotee hadi vinaliwa na mchwa. Mwalimu halaumiki moja kwa moja, kwani ndiye anayeulizwa nakala zikipungua. Haulizwi iwapo zimesomwa.

4.0 Hitimisho

Historia ya Upare inaonesha kwamba penye kitabu na sababu ya kukisoma, wasomaji walipatikana. Kilichokatika mara kwa mara ni ugavi. Utafiti wa usomaji wa watoto usiishie kuhesabu nakala zilizogawiwa. Uhesabu pia zilizochakaa kwa kusomwa. Kitabu kilichochanika jalada kwa kupokezanwa na watoto ni ushahidi wa utamaduni ambao tumezoea kusema haupo.