Mswaki Mkavu

Kijiti cha mswaki hakimalizi wiki kikiwa na urefu uleule. Mwenyewe hubambua gamba la ncha, akaitafuna mpaka nyuzi zitawanyike, akasugua meno. Nyuzi zikishalegea na kubadilika rangi, huikata ncha hiyo kwa kisu na kubambua mahali papya. Nje ya misikiti ya Unguja na Mombasa vijiti hivi, vya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, huuzwa kwa mafungu, na kwa Waislamu kuvitumia ni sunna. Brashi ya dukani ilipofika pwani ilirithi jina hilohilo la Kiarabu, ikaitwa mswaki. Kisu hakikurithiwa. Brashi haikatwi ncha: nyuzi zilezile hurudi kinywani asubuhi na usiku kwa miezi, na katikati ya safari hizo hukaa zimelowa mate, maji na mabaki ya chakula.

Kwa mwenye mapafu mazima, unyevu huo si habari kubwa. Kwa anayeishi na ugonjwa wa mapafu usiopona, ni jambo la kuangaliwa kila siku. Ilichukua muda mrefu binadamu kulijua hilo.

Brashi ya nywele ilitoka China, ambako kufikia karne ya 15 watu walikuwa wakipachika nywele ngumu za nguruwe kwenye vipini vya mfupa au mwanzi. Uingereza, aliyeigeuza kuwa bidhaa ya kiwandani ni William Addis. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akiwa kifungoni, na mnamo 1780 alianza kuzitengeneza London. Ukiitazama kwa karibu brashi ya aina hiyo, utaona kipini cha mfupa wa ng'ombe kilichochongwa kikalainishwa, kichwa kikatobolewa safu za matundu madogo, na katika kila tundu kishungi cha nywele kimekazwa kwa waya mwembamba. Ni kazi ya mikono ya kupendeza. Lakini nywele hunywa maji, na mizizi yake ndani ya matundu hukawia kukauka. Brashi ya namna hiyo iliweza kutumika asubuhi na bado ikawa na unyevu jioni.

Nywele za wanyama zilikuwa na hatari nyingine pia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wa Uingereza na Marekani, wakiwemo askari, waliugua kimeta baada ya kunyoa ndevu kwa brashi za nywele ambazo hazikusafishwa vizuri kiwandani. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Wakati Addis anafungua karakana yake, karibu miaka mia moja ilikuwa imepita tangu Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, kukwangua ukoga wa meno yake na kuutazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Katika barua yake ya 1683 kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, alieleza viumbe vidogo alivyoviona vikicheza humo. Alikuwa mtu aliyesugua meno yake kwa chumvi kila siku, na bado vilikuwepo. Muda mrefu ulipita kabla viumbe wa namna hiyo hawajathibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Kwa kifua kikuu ilibidi kusubiri hadi Machi 24, 1882, Robert Koch aliposimama mbele ya madaktari wa Berlin na kutangaza bakteria wa ugonjwa huo. Miaka minane baadaye Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kizima kuhusu vijidudu vya kinywani.

Kuanzia hapo kinywa kilianza kutazamwa kama mlango wa kifua. Wagonjwa wa kifua kikuu waliolazwa kwenye sanatoria za Ujerumani walitembea na kichupa cha bluu mfukoni cha kutemea makohozi, kilichobuniwa na daktari Peter Dettweiler mwaka 1889. Kule Kansas, Marekani, daktari Samuel Crumbine aliona ndani ya treni wagonjwa wa kifua kikuu wakinywa maji kwa kikombe cha abiria wote, kisha watoto wakikipokea. Mwaka 1909 bodi ya afya aliyoiongoza ikafuta kikombe cha umma katika jimbo zima. Hatimaye zamu ya mswaki ikafika: mwaka 1920 jarida la udaktari la Boston lilichapisha makala iliyosema mswaki wenyewe unaweza kuwa chanzo cha maambukizo yanayojirudia mdomoni.

Kisha ukaja mwaka 1938, na mambo mawili yasiyojuana.

La kwanza lilitokea madukani. Februari 24, Wamarekani walianza kununua mswaki wa Doctor West's wenye nyuzi za nailoni, uzi uliobuniwa katika maabara ya DuPont. Kabla ya soksi za kina mama, nailoni iliingia kinywani. Nyuzi hizi hazikunywa maji kama nywele na zilikauka upesi. Hazikutoka kwa nguruwe pia, jambo lenye uzito kwa kila nyumba ya Kiislamu.

La pili lilitokea katika chumba cha uchunguzi wa maiti New York. Daktari Dorothy Andersen alikusanya kumbukumbu za watoto 49 waliofariki na kuonyesha kwamba walikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukuwa na jina. Leo unaitwa sistiki faibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi. Njia ya kupitisha chumvi kwenye seli imeharibika, kwa hiyo ute wa mapafu, ambao kwa wengine huteleza na kubeba uchafu nje, kwa wagonjwa hawa huwa mzito na kunata. Bakteria anayeingia humo hapati wa kumtoa.

Na baadhi ya bakteria walio hatari zaidi kwao ni wapenda maji. Pseudomonas aeruginosa huishi kwenye masinki, mabomba ya kutolea maji machafu, sponji za jikoni, popote palipolowa. Mwenzake, Burkholderia cepacia, alifahamika kwanza kwa wakulima kabla ya madaktari: mwaka 1950 Walter Burkholder wa Chuo Kikuu cha Cornell alimweleza kama mwozeshaji wa vitunguu, na neno cepa katika Kilatini ni kitunguu. Miaka ya 1980 bakteria huyu wa vitunguu aliibuka kwenye mapafu ya vijana wa Toronto waliokuwa na sistiki faibrosisi, na baadhi yao wakadhoofika na kufariki haraka. Wanasayansi wakathibitisha kwamba alikuwa akihama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa.

Uchungu wa ugunduzi huo haukuwa mdogo. Watoto wenye sistiki faibrosisi walikuwa na kambi za likizo, mahali pekee ambapo kikohozi chao hakikumshangaza mtu. Katika miaka ya 1990 kambi hizo zikafungwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unawataka wagonjwa wawili wakae umbali wa angalau mita 2. Ndugu wa tumbo moja wenye ugonjwa huo hulala nyumba moja lakini hawashiriki kikombe, kifaa cha kuvutia dawa, wala mswaki.

Hapo mtu angeweza kuuogopa mswaki kabisa. Ingekuwa hasara. Nchini Japani, Takeyoshi Yoneyama na wenzake waliwafuatilia wazee katika makao 11 kwa miaka miwili, nusu yao wakisafishwa kinywa baada ya kila mlo na nusu wakiachwa na utaratibu wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: homa ya mapafu iliwapata asilimia 19 ya walioachwa, na asilimia 11 ya waliosafishwa. Ukoga usioondolewa hushuka kifuani pamoja na mate mtu akiwa usingizini. Mswaki ni kinga ya mapafu, mradi wenyewe usigeuke kuwa kidimbwi.

Ndiyo maana kanuni za leo ni za kawaida mno. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema mswaki usuuzwe vizuri, usimamishwe nyuzi juu, uachwe ukauke kwa hewa bila kugusana na mingine, usifungiwe kwenye kasha kila siku, na ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Haisisitizi dawa wala mashine za mwanga. Kuchemsha kwa dakika 5, au kuloweka kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, kumewekwa kwa ajili ya vikombe vya nebulaiza, kile kifaa cha kuvutia dawa, ambavyo mvuke wake huingia moja kwa moja kifuani. Navyo pia, vikishatakaswa, huanikwa vikauke.

Fikiria nyumba yenye mtoto wa sistiki faibrosisi: miswaki yake ni miwili, ya kupokezana. Haikai ukingoni mwa sinki, ambako bomba hurusha matone, wala karibu na choo. Ipo kwenye rafu kando ya dirisha, kila mmoja kwenye bilauri yake, nyuzi zikitazama juu. Mmoja ulitumika asubuhi, ukakung'utwa mara tatu, na bado una unyevu. Mama anaupitishia kidole ule wa jana, anasikia nyuzi zimekauka mpaka chini kwenye matundu, kisha anamkabidhi mwanawe.