Wino na Karatasi za Mwana Kupona

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha fasihi katika shule moja ya sekondari ya wasichana hapa pwani, baba mmoja alikuja kumwondoa bintiye kidato cha tatu ili amwoze. Nilimwomba amwache amalize kidato cha nne. Akanijibu kwa upole, bila ukali wowote: "Mwalimu, si wewe uliyewasomesha utendi wa Mwana Kupona? Mwanangu amekwisha kuusoma. Sasa anakwenda kuutenda." Nikanyamaza. Msichana alinirudishia vitabu vya shule, akanipa mkono, akafuatana na babake. Nimestaafu sasa, na jibu ambalo sikuwa nalo siku ile ndilo ninaloliandika hapa.

Kwanza, tumtazame mtunzi mwenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate yapata mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi aliukataa utawala wa Seyyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane huyo akiwa mgonjwa alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa beti zipatazo mia moja kwa lahaja ya Kiamu. Haikuchukua muda mrefu baada ya hapo, yapata mwaka 1860, naye akafariki. Kwa hiyo utendi huu ni wasia wa mama aliyejua kwamba siku zake zinahesabika.

Yule mzee hakusema uongo. Sehemu kubwa ya wasia huo yahusu radhi ya mume: mke awe mpole, ajipambe, aitunze nyumba, asitoke bila ya ruhusa. Mwalimu anayejaribu kuzificha beti hizo ili kumpendezesha Mwana Kupona kwa wasomaji wa leo, huyo hamtendei haki. Lakini utendi una yale unayosema na una yale unayofanya, na mimi niliyafundisha ya kwanza nikayasahau ya pili.

Mama huyu aanza kwa kumwita bintiye akae karibu, akiwa na wino na karatasi. Ndani ya beti alitaja jina lake na mwaka wa kutunga, kwa hesabu ya Hijria, 1275. Na kabla ya kumaliza anawageukia wanawake wote, akiwahimiza wausome na kuufahamu. Wasomaji wapenzi, zingatieni jambo hilo. Hakuwaita wanaume wakawasomee wake zao. Alitarajia kwamba katika visiwa vile, mwaka 1858, wapo wanawake wenye kuzijua herufi za Kiarabu na kuisoma lugha yao kwazo.

Matarajio hayo yalikuwa na mizizi mirefu. Katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuwapo Shifaa binti Abdillahi, mwanamke aliyejua kuandika, na ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa uandishi. Msahafu uliokusanywa wakati wa Sayyidna Abubakar ulikuja kuhifadhiwa na huyo huyo Bibi Hafsa baada ya kufariki babake, Sayyidna Umar. Mwanamke mwenye kalamu, basi, hakuletwa pwani na wakoloni.

Pili, wasia wa mama si sheria ya dini. Tuziangalie kwanza lugha na desturi zetu. Pwani tuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya: mahari na kilemba. Kilemba humwendea baba au walii. Hiyo ni desturi. Mahari ni mali ya mke mwenyewe. Hiyo ni sheria, na wala babake wala mumewe hana haki ya kuitwaa bila ya ridhaa yake. Surat an-Nisaa, katika aya ya 32, yaeleza kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na Mtume alisafiri na mali yake ya biashara hadi Sham kabla hawajaoana. Mke hata akiwa tajiri, nafaka ya nyumba ni juu ya mume.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi ninapolitaja. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani, kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisheria wa mke kwa mumewe. Wapo wanazuoni wengine waliohukumu kinyume, wakiitegemea desturi. Lakini Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vimesomwa sana katika vyuo vyetu, aliandika katika Minhaj kwamba mke asiyezoea kujihudumia ni wajibu wa mumewe kumpatia mtumishi.

Hapa ndipo historia inapotuuma. Katika nyumba za waungwana wa Pate, Lamu na Siyu, mtumishi huyo alikuwa mtumwa. Mwana Kupona mwenyewe anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Kwa hiyo adabu za nyumba alizozifundisha zilikuwa za mwanamke ambaye maji yake yalitekwa na mwanamke mwingine, asiyetajwa kwa jina. Nafasi ya kukaa na wino na karatasi ilisimama juu ya mabega ya huyo asiyetajwa. Tunapoutwaa wasia huo na kumtwika mke wa leo, ambaye huamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, kisha akapika, akafua na kulea, twamdai adabu za mwungwana pamoja na kazi za mtumwa. Sidhani mtunzi angelikubali.

Wenye kubeba mizigo nao walikuwa na sanaa yao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, alitembeza vyungu alivyofinyanga mamake kabla sauti yake haijafika Bombay, alikorekodi nyimbo mwaka 1928. Shaaban Robert aliona maisha yake yastahili kuandikiwa wasifu.

Nami nina ushahidi wangu mdogo. Nimelea watoto wanne huku nikisahihisha insha usiku, kwa taa ya mafuta umeme ulipokatika. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaogesha watoto na kuwatia kulala, na majirani wakimsifu kwamba "anamsaidia mkewe". Yeye alikikataa kitenzi hicho. Alisema kusaidia ni kuitenda kazi ya mwenzio, na hawa watoto ni wa nani? Alipenda kukumbusha ilivyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha, kwamba Mtume akiwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake, hata wakati wa sala ukifika ndipo akatoka. Nasi walimu tuna makosa yetu. Nimejaza fomu za wanafunzi miaka mingi, na penye "kazi ya mama" nikaandika "hana, yuko nyumbani tu". Neno hilo "tu" naliona zito kuliko vyungu vya Fumba.

Ingalikuwa leo, ningemketisha yule mzee, nikamwagizia kahawa, nikamwambia: Mzee wangu, ndoa ni heri, na hakuna anayeikataa. Lakini mama huyu unayemtaja hakumwanzia bintiye na habari za mume. Alimwanzia na wino na karatasi, na alimwandikia kwa sababu alijua atasoma. Mwana wako hajafika katika beti za ndoa. Bado tupo naye kwenye wino na karatasi. Mwache tumalize naye hapo kwanza.